Mafuta ya kula yanapopanda bei, bakuli la mtoto huumia kwanza

Mama anayemtuma mtoto dukani kununua mafuta ya kupima hana sababu ya kufuatilia habari za Indonesia. Hata hivyo, bei atakayoambiwa mtoto huyo huenda imeanzia huko. Tanzania haizalishi mafuta ya kula ya kuitosha, na sehemu kubwa ya pengo huzibwa na mafuta ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia.

Familia nyingi bado zinaukumbuka mwaka 2022. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, tani ya mawese iliyouzwa kwa wastani wa dola 600 hivi mwaka 2019 ilivuka dola 1,700 Machi 2022. Sababu zilifuatana. Uviko-19 ulifunga mipaka, mashamba ya Malaysia yakakosa vibarua wa kigeni. Mwaka 2021 ukame ukapunguza mavuno ya kanola nchini Canada. Februari 24, 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na nchi hizo mbili kwa pamoja huuza zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti yanayosafirishwa kati ya nchi na nchi duniani. Waliokosa alizeti wakakimbilia mawese. Aprili 28 Indonesia nayo ikazuia mawese yake kutoka nje, hadi Mei 23.

Mawese pia yana mteja mwingine asiyekula: gari. Indonesia huyachanganya kwenye dizeli, hivyo mafuta ghafi ya petroli yanapopanda, ya kupikia huvutwa nayo juu.

Bei ikishuka duniani, dukani huchelewa kushuka. Shehena husafiri baharini kwa wiki kadhaa, imenunuliwa kwa dola, na mwenye duka hataki kuuza kwa hasara mzigo alioununua ghali. Na ikishuka sana, anayelia ni mkulima wa alizeti wa Singida na Dodoma, kwa kuwa mafuta yake yanashindana na mawese hayohayo.

Nyumbani, jambo la kwanza kubadilika ni namna ya kununua. Aliyekuwa akinunua dumu la lita tano anashuka kwenye lita moja, wa lita moja anahamia kwenye kupima. Tuseme lita ni Sh6,000 na kipimo cha moja ya nane ya lita ni Sh1,000. Anayepima mara nane ametoa Sh8,000 kwa lita ileile. Halaumiwi, maana hiyo Sh6,000 kwa mkupuo hana.

Hasara nyingine haionekani kwenye hesabu hiyo. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka mafuta ya kula ya viwandani yaongezwe vitamini A, ambayo mtoto anaihitaji kwa macho na kinga ya mwili. Vitamini hiyo huharibiwa na mwanga, hewa na joto. Mafuta yaliyokaa siku nzima kwenye chombo cheupe kilicho wazi, jua likiyapiga, yanaipoteza polepole. Na kwa kuwa mafuta ya kupima hayana lebo, mnunuzi hawezi kujua kama yaliongezwa vitamini tangu mwanzo.

Badiliko la pili ni kurudia kukaangia mafuta yaleyale. Yakipashwa moto mara nyingi huvunjika na kutengeneza kemikali zisizofaa kwa mishipa ya damu na moyo. Yakishakuwa meusi, yakatoa povu, yakanuka au kuanza kufuka moshi mapema, yamwagwe. Yaliyokaangiwa mara moja yanaweza kuchujwa, kufunikwa na kuwekwa mbali na mwanga, lakini kuyaongezea mapya juu yake ni kuharibu yale mapya. Mafuta ya bei ya kutupa yaliyokwisha tumika kwenye mabanda ya chipsi si nafuu, hata yakichujwa yakang'aa.

Badiliko la tatu ni kupunguza, na hapa kuna watakaonufaika. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na mtu mzima anayekula chapati, sambusa na mchuzi unaoelea mafuta kila siku hatadhurika akipunguziwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yote yasizidi asilimia 30 ya nishati ya siku kwa mtu mzima. Kuchemsha maharage na kuyaunga kwa kijiko kimoja badala ya vitatu kunatosha.

Tatizo ni kwamba mkono unaopunguza hupunguzia sufuria nzima. Mtoto wa chini ya miaka miwili ana tumbo dogo, hashibi kwa wingi wa uji bali kwa uzito wake. Vitamini A iliyomo kwenye mchicha, matembele na karoti nayo haifyonzwi vizuri bila mafuta kidogo kwenye mlo. Mchicha uliochemshwa mtupu una sura ileile kwenye sahani, lakini mtoto anafaidi kidogo. Baba akinyimwa chapati hana neno. Mtoto wa miezi tisa hawezi kudai kijiko chake.

Kijiko hicho si lazima kitoke kwenye chupa. Karanga zilizosagwa ndani ya uji au mboga hufanya kazi hiyo na kuongeza protini, mradi zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe kabla ya kusaga, kwa hofu ya sumukuvu. Ufuta unafaa, na parachichi la msimu huwa nafuu. Tui la nazi pia linasaidia, ingawa mtu mzima mwenye lehemu nyingi asiligeuze mbadala wa kila siku.

Kwa wanaopima, majirani wawili au watatu wanaweza kuchanga wakanunua dumu moja lenye lebo ya kuongezwa vitamini A, wakagawana kwenye chupa safi zenye vifuniko na kuzihifadhi kabatini, mbali na jiko na dirisha.