Tusimshtaki Mbawakawa kwa Kosa la Unyevu

Miongoni mwa wadudu wanaolaaniwa katika ghala la mbata, hapa Kaloleni na kwingineko penye minazi, yumo mbawakawa mdogo wa milimita 4 hadi 7, mwenye mgongo wa samawati inayometameta na miguu myekundu. Wataalamu humwita Necrobia rufipes. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imetokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya mfu na uhai, nayo imemfaa, kwani mdudu huyu hupatikana katika ng'onda, nyama kavu, mifupa, hata katika maiti za Wamisri wa kale zilizokaushwa.

Simtetei kwa kuwa hana hatia. Buu wake hutoboa mbata na kuila. Hilo halina ubishi. Lakini buu huyohuyo, pamoja na wazazi wake, hula mayai na funza wa nzi, na mabuu ya wadudu wengine waharibifu. Sisi walimu hupenda kuwagawa wadudu mafungu mawili, rafiki na adui. Huyu tumweke wapi?

Jamaa yake wa karibu aliwahi hata kumwokoa binadamu. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, kasisi Pierre André Latreille alifungwa mjini Bordeaux. Akamwona mbawakawa sakafuni, akamweleza daktari wa gereza kuwa ni wa nadra. Daktari akampelekea mdudu huyo kijana mmoja mpenda elimu ya viumbe, naye kijana, akitambua jina la mfungwa, akamtafutia msamaha. Latreille akaja kuwa bingwa wa elimu ya wadudu barani Ulaya.

Turudi kwenye mbata. Karibu nusu ya uzito wa nyama ya nazi mbichi ni maji, na mbata njema hukaushwa hadi yabaki kama asilimia 6. Mkulima aanikaye chini, mvua ikamnyeshea, kisha akauza kabla ya wakati kwa kuwa karo inamsubiri, huuza mbata laini yenye kuvu. Hiyo ndiyo karamu ya mbawakawa wetu.

Linaloniudhi ni mwenye ghala kukimbilia kunyunyiza sumu juu ya chakula. Mdudu hufa, unyevu hubaki. Baadhi ya kuvu hutoa aflatoksini, sumu ileile iliyoua watu 125 mwaka 2004, wengi wao Ukambani, kupitia mahindi. Mashudu ya mbata nayo hulishwa ng'ombe, na sumu hiyo hupenya katika maziwa hadi kikombe cha mtoto.

Mwalimu wa sayansi hahitaji maabara ya kigeni kuyafundisha haya. Vipande viwili vya mbata vyatosha, kimoja kikavu cha kukatika kwa mlio, kingine kikiwa bado kinapindika, katika chupa mbili zilizofunikwa kwa kitambaa (wala asionje mtu), mbawakawa wachache, na muhula mzima wa kuhesabu.