CHEO CHA SAJINI: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Jeshi la Wananchi wa Tanzania na Jeshi la Polisi ni mambo ya Muungano. Kwa hivyo tepe tatu anazovaa askari mkononi Unguja au Pemba zina maana ile ile zikivaliwa Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kigoma tunaitaja kwa makusudi, kwani huko historia ya cheo hiki inaonekana waziwazi.

Jeshini cheo hiki huitwa sajini, na katika Polisi sajenti. Chini yake yuko koplo. Juu yake, jeshini, yuko sajinitaji na kisha maafisa wateule. Katika Polisi wako stesheni sajenti na sajenti meja, ndipo wafuatie wakaguzi. Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, na maana yake ni mtu atumikaye. Sajinitaji, kwa upande wake, amebaki na jina la taji la Kiingereza ingawa Tanganyika ilikuwa Jamhuri tangu mwaka 1962.

Zama za Wajerumani, mkazi wa Ujiji alimjua koplo kwa jina la ombasha, na sajini kwa jina la shaushi. Ni maneno ya Kituruki, yaliyokuja na askari wa Kisudani walioandikishwa Misri mwaka 1889. Julai 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliiteka Kigoma, na vyeo vikaitwa kwa Kifaransa. Mwaka 1921 Waingereza wakakabidhiwa mji. Hivyo katika miaka mitano tu cheo kimoja kilikuwa na majina matatu.

Jambo moja halikubadilika: amri kuu ilikuwa ya Wazungu, na Mwafrika aliishia kwenye vyeo vya namna hii au hatua chache juu yake. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Siku ya pili yake maasi yalifika Tabora, kwenye njia ya reli iendayo Kigoma. Jeshi hilo lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa JWTZ chini ya Mrisho Sarakikya.

Sajini wa leo ni msaidizi wa kiongozi wa platuni. Luteni usu kijana ndiye mwenye amri, lakini aijuaye kazi, na pengine majina ya watoto wa askari, mara nyingi ni sajini.

Kwa raia, cheo kina uzito wa kisheria. Zanzibar ina sheria zake za ushahidi na za mwenendo wa jinai. Huko Bara, Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamhesabu kuwa ofisa wa polisi askari mwenye cheo cha koplo au zaidi, na ungamo lililotolewa mbele yake kwa hiari laweza kupokelewa mahakamani. Sajenti yumo, konstebo hayumo. Aidha, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka polisi, kabla ya kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, amtajie jina lake na cheo chake.