Samaki wa Masese: mfanyakazi akinyamaza, mzigo hurudi

JINJA – Shehena ya minofu ya sangara ikikataliwa sokoni, hasara huwapata mwenye kiwanda, mfanyabiashara na mwenye lori kwa pamoja. Lakini huenda kasoro ilionekana saa nyingi kabla ya lori kupakiwa, na kibarua aliyeiona hakuona faida ya kusema.

Masese, kando ya Ziwa Victoria mjini Jinja, ni mwalo wa samaki na pia eneo la viwanda. Sangara hukatwa minofu kwa ajili ya soko la nje. Dagaa, waitwao mukene nchini Uganda, huanikwa na kuuzwa wakavu.

Samaki mbichi hutakiwa kukaa katika baridi ya barafu inayoyeyuka, yaani karibu nyuzi sifuri. Wa kugandishwa hutakiwa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Mfumo wa usalama wa chakula, HACCP, unadai vipimo hivyo viandikwe. Anayeviandika ni mtu wa zamu. Akiogopa kufokewa, ataandika namba inayompendeza msimamizi.

Gharama ya kosa inajulikana. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kufuatia taarifa za uvuvi wa sumu. Viwanda vilisimama na wafanyakazi wakakosa kazi, ingawa sumu haikutiwa kiwandani.

Meneja afanye nini ili watu wake waijali kazi?

Kwanza, alipe siku aliyoahidi. Mwenye deni dukani hana moyo wa kulinda mzigo wa mwingine.

Pili, aangalie anacholipia. Anayelipwa kwa kilo pekee atakimbilia kilo. Sehemu ya malipo ikifuata ubora, naye ataufuata ubora.

Tatu, atoe ruhusa ya kusimamisha kazi samaki wakipata joto, bila kumkata mtu mshahara. Aliyetoa taarifa ajibiwe kabla zamu haijaisha.

Nne, aitumie kamati ya usalama. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inaitaka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kamati inayokutana ili kusaini karatasi tu haisaidii. Wajumbe waongee kwa lugha ya wafanyakazi, iwe Kisoga, Kiganda au Kiswahili.

Tano, awarudishie habari. Mzigo ukifika salama, waambiwe. Ukikataliwa, waambiwe sababu kabla ya kutafutwa wa kulaumiwa.

Wasafirishaji nao wana sehemu yao. Dereva na utingo wapewe haki ya kupima joto la mzigo kabla ya mlango kufungwa, na kukataa kuondoka kipimo kikiwa kibaya. Kuchelewa saa moja Masese ni nafuu kuliko kujua Malaba, au bandarini Mombasa, kwamba mzigo umeharibika.