Kofia ya Jino na Tatizo la Kusinyaa

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Anayeitumia methali hii leo huwa anawaza mengine kabisa, lakini meno ya pembe yalikuwepo kweli. Katika karne ya 18, matajiri wa Ulaya na Marekani walivaa meno yaliyochongwa kwa pembe za ndovu na za viboko. Yalifyonza mate, yakabadilika rangi, yakaoza na kunuka.

Kofia ya jino, ambayo wengine huiita taji, ni kazi tofauti. Haizibi pengo, inazuia pengo lisitokee. Gego likishatoboka, likatibiwa mzizi na kubaki kuta nyembamba, daktari hulichonga pande zote mpaka libaki kisiki kifupi, kisha hulivika ganda gumu lenye umbo la jino zima.

Wengi hudhani shida kubwa ni kupata ganda lisilovunjika. Uimara ni muhimu, ndiyo, ila kofia nyingi huponzwa na ukingo, pale ganda linapokutana na jino karibu na ufizi. Pakibaki mwanya, mate humong'onyoa saruji iliyoshikilia kofia, bakteria hupenya, na jino huoza chini kwa chini bila mwenyewe kuona chochote. Mwaka 1971 watafiti wawili wa Uingereza, John McLean na J. A. von Fraunhofer, walitoa matokeo ya kufuatilia kazi zaidi ya 1,000 zilizowekwa vinywani mwa watu kwa miaka 5. Waliona kwamba mwanya usizidi milimita 0.12, unene unaokaribia wa karatasi moja ya daftari.

Na hapo ndipo mtihani ulipo, kwa sababu karibu kila kitu kinachofaa kutengenezea kofia husinyaa mikononi mwa fundi.

Mafundi wa kale hawakukutana na tatizo hilo kwa kuwa walifua dhahabu ikiwa baridi. Waetruski wa Italia, tangu karne ya 7 kabla ya Kristo, walizungushia meno mikanda myembamba ya dhahabu, na mafuvu yaliyochunguzwa yanaonyesha kwamba wavaaji wengi walikuwa wanawake. Mwaka 1746 Mfaransa Claude Mouton alieleza namna ya kulivika jino ganda la dhahabu, akapendekeza lipakwe rangi nyeupe ya kuchomwa ili lising'ae mno. Lakini bati la dhahabu hata likigongwagongwa namna gani haliwezi kufuata kila bonde na kila mkunjo wa jino.

Januari 1907, daktari wa meno William Taggart alisimama mbele ya wenzake jijini New York na njia nyingine. Jino huumbwa kwa nta. Nta hiyo huzungushiwa uji wa plasta na mchanga laini wa silika, ukaachwa ugande. Ukitiwa motoni, nta huyeyuka na kuungua yote, ikaacha uwazi wenye umbo lake. Dhahabu iliyoyeyushwa husukumwa humo kwa nguvu ya gesi. Wafua shaba na dhahabu wa Afrika Magharibi walikuwa wakiijua kanuni hiyo karne nyingi kabla yake. Hata katika udaktari wa meno hakuwa wa kwanza: alipowashtaki wenzake waliotumia njia yake bila kumlipa, ilibainika kwamba B. F. Philbrook wa Iowa alikuwa ameieleza tangu 1897, na hataza ya Taggart ikaanguka.

Njia ilikuwa nzuri, ila kofia zilitoka zikibana. Dhahabu ikipoa hupungua kwa takriban asilimia 1.4, kiasi cha kutosha kuifanya ikwame juu ya kisiki. Suluhisho lililopatikana ni zuri kupita maelezo: kwa kuwa huwezi kuizuia dhahabu isisinyae, itanue nyumba yake. Silika ikipashwa moto huvimba, na plasta ikigandia ndani ya maji hutanuka zaidi. Fundi akipima vizuri, kalibu hiyo ya plasta na silika hukua kwa kiasi kilekile ambacho dhahabu itapungua, na kofia hutoka saizi ya jino.

Kauri ilikuwa na ukaidi wake. Charles Land wa Detroit, babu yake rubani Charles Lindbergh, alipata hataza ya kofia ya kauri tupu mwaka 1889. Alifunika umbo la kisiki kwa karatasi ya platinamu, akapaka unga wa kauri uliolowa, akauchoma katika tanuru, kisha akaibandua platinamu. Unga ule hupoteza karibu theluthi ya ujazo wake ukiiva, hivyo ilibidi kupaka na kuchoma zaidi ya mara moja. Meno yalikuwa mazuri sana, na yalivunjika kirahisi.

Mwaka 1962 ndipo Wamarekani waliposajili namna ya kuchomea kauri juu ya madini bila kupasuka. Siri ilikuwa fuwele za lusaiti, zinazoifanya kauri isinyae karibu sawa na madini yaliyo chini yake.

Leo maabara nyingi hutumia zirkonia, aina ya kauri. Ufa ukianza ndani yake, chembe zilizo jirani hubadili umbo na kuvimba kwa takriban asilimia 4, zikaubana ufa usiendelee. Lakini nayo husinyaa. Kompyuta hupima jino, kisha mashine huchonga kofia kubwa kuliko inavyotakiwa kwa zaidi ya moja ya tano, kutoka kwenye kipande ambacho bado ni laini kama chaki. Tanuru hufikia nyuzijoto 1,500 hivi. Kinachotoka asubuhi ni kidogo, kigumu, tayari kwa kiti cha daktari, ambako mgonjwa ataambiwa aume karatasi nyembamba ya bluu, na popote itakapoacha doa zito, patapunguzwa kidogo tu.