Dawa Mbili za Malaria Kali

Malaria kali huua watoto upesi. Mtoto hupata degedege, hupoteza fahamu, au huishiwa damu. Hawezi kumeza vidonge. Kwa miaka mingi hospitali zetu ziliwatibu watoto kama hao kwa kwinini, ya dripu au ya sindano. Wengi walipona, lakini wengine walikufa.

Kisha ikaja dawa nyingine ya sindano, iitwayo artesuneti. Asili yake ni mmea ambao Wachina wameutumia tangu zamani. Huko Asia iliwaokoa watu wazima wengi kuliko kwinini. Je, watoto wa Afrika nao? Dawa ya hospitali haibadilishwi kwa sababu ile nyingine ni mpya, wala kwa sababu inasifiwa. Kila muuzaji husifu dawa yake.

Kwa hiyo, kuanzia mwaka 2005 hadi 2010, dawa hizo zililinganishwa katika nchi 9 za Afrika. Hapa Tanzania kazi ilifanyika Muheza na Korogwe, mkoani Tanga. Watoto wote walikuwa 5,425. Nusu yao walipewa kwinini, na nusu artesuneti.

Nani apewe ipi? Daktari hakuchagua. Ilipigwa kura. Mfikirie mkulima anayejaribu mbegu mbili za mahindi. Akipanda moja bondeni penye rutuba, na nyingine mlimani penye mawe, atajuaje kama mavuno yametokana na mbegu au na udongo? Daktari naye angechagua, labda watoto mahututi wangepewa dawa moja, na wenye nafuu dawa nyingine. Kura huwachanganya wagonjwa, makundi yakalingana.

Halafu wakahesabu. Katika kundi la kwinini walikufa watoto 297. Katika kundi la artesuneti walikufa 230. Tofauti ni watoto 67, yaani darasa zima la shule. Lakini 230 nao ni wengi. Mtoto aliyecheleweshwa nyumbani huenda asiokolewe na dawa yoyote.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wenye malaria kali watibiwe kwa artesuneti. Tanzania nayo iliiingiza katika mwongozo wake wa matibabu. Mtoto huchomwa sindano kwanza. Akiweza kumeza, humalizia kwa vidonge vya dawa mseto kwa siku tatu. Kwinini haikutupwa. Hutumika pale artesuneti inapokosekana.