Acha Kusubiri Betri Iishe

Anauliza mama aliyempokelea mwanawe kiti mwendo cha umeme cha msaada. Anauliza mstaafu aliyepooza upande mmoja. Anauliza, na hapa ndipo panapoudhi, hata mhudumu wa wodi ya mifupa ambaye ni kazi yake kuwafundisha wengine: "Hivi betri tuiache iishe kabisa ndipo tuchaji, au vipi?" Mara nyingine haliji kama swali. Linakuja kama amri, limeandikwa kwa kalamu nene juu ya plasta iliyobandikwa kwenye chaja: USICHAJI MPAKA TAA NYEKUNDU.

Mafundi wa viti hivi wamelijibu mpaka wamechoka. Jibu ni hapana. Kiti kikitumika mchana, usiku kinachajiwa, hata kama safari yenyewe ilikuwa ya sebuleni hadi dukani na kurudi.

Msomaji anaweza kudhani hili ni suala la kutunza mali tu. Ukitaja usalama wa kiti mwendo, watu huwaza mvua, mashimo na bodaboda zinazopita kwenye njia ya waenda kwa miguu. Hayo yapo, na baadhi yatafikiwa. Lakini mtu aliyeizoesha betri yake kukauka ameikalia hatari, na afadhali ieleweke hatari hiyo huanzia wapi na huishia wapi.

Mota za kiti cha umeme zina breki za sumaku. Springi ndiyo inayobana breki. Umeme ndio unaoiachia. Joistiki ikisukumwa, umeme unaingia, breki inaachia, kiti kinakwenda. Joistiki ikiachwa, breki inabana. Umeme ukiisha, breki inabana vilevile na haitoki tena. Mpango ni mzuri, maana kiti kilichozimika hakiwezi kuserereka chenyewe. Ubaya uko mahali kinapozimikia. Kiti kikubwa cha umeme pamoja na betri zake huweza kupita kilo 100. Ongeza mtu wa kilo 70, funga magurudumu, kisha weka vyote hivyo katikati ya kivuko cha barabara ya njia nne saa kumi na moja jioni. Hakisukumiki.

Hapo wasamaria wema hujitokeza. Mmoja wao, mara nyingi kijana mwenye haraka, huinama na kuona kwamba kila mota ina kiwiko kidogo cha rangi, chekundu au cha njano. Anavigeuza vyote viwili, kiti kinakuwa chepesi, kinasukumwa hadi kando, watu wanamshukuru. Viwiko vile vimewekwa kwa kazi hiyohiyo. Asichojua kijana ni kwamba kuanzia sasa kiti hakina breki. Viti vingi vya umeme havina breki ya mkono kama ile ya viti vya kusukuma, kwa hiyo viwiko vikishageuzwa hakuna kingine cha kukizuia. Akikiachia kidogo kwenye mteremko ili apokee simu, kiti kinaondoka na mwenyewe yumo. Mteremko wa kushukia pantoni, Likoni au Kigamboni, huwa mkali zaidi maji yakiwa yamekupwa, na chini yake ni bahari.

Kwa hiyo "iache iishe" si ushauri mbovu wa kifundi tu. Ni ushauri unaomtuma mtu barabarani akiwa na nusu ya safari mfukoni.

Imani hii haikutoka hewani. Simu za mkononi za zamani, redio za upepo na drili za mafundi zilitumia betri za nikeli na kadimiamu, na betri hizo zilikuwa na kasoro ya kweli: zikichajiwa mara kwa mara kabla hazijaisha, huweza kujifanya zimeisha mapema. Ushauri wa kuzimaliza kwanza ulikuwa na maana wakati huo. Simu zile zimekwenda, ushauri umebaki, na sasa unapewa betri za aina nyingine kabisa. Viti mwendo vingi vya umeme hutumia betri za risasi na asidi, ukoo ulioanzishwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ukoo huo haujawahi kuugua ugonjwa wa nikeli. Una wake.

Betri ya risasi inapotoa umeme, mabamba yake hufunikwa na salfeti ya risasi. Mwanzoni salfeti hiyo ni chembe laini, na chaji huzirudisha zilikotoka. Zikiachwa ndani ya betri iliyokauka, siku baada ya siku, hukua na kuwa fuwele ngumu ambazo chaja ya kawaida haiziwezi, na kila sehemu ya bamba iliyofunikwa imetoka kazini. Majedwali ya watengenezaji yanakaribiana: betri za aina hii zikikamuliwa zote kila mara hustahimili kuchajiwa mara 200 hadi 300 hivi, zikitumiwa nusu, mara 500 au zaidi, zikitumiwa theluthi tu, hupita 1,000. Anayesubiri taa nyekundu hajafaidi chochote. Ananunua betri mpya mapema, basi.

Tena betri zenyewe ni mbili. Kila moja ina volti 12, zimeunganishwa mfululizo zikatoa 24. Hazichakai sawasawa. Zikikamuliwa hadi mwisho, ile dhaifu huisha kwanza na mwenzake huendelea kuisukumia umeme kinyumenyume, jambo linalommaliza mgonjwa. Ndiyo sababu betri hubadilishwa zote mbili siku moja, aina moja na ukubwa mmoja, hata kama moja "bado nzima".

Wengine hujitetea kwa gharama ya umeme wa LUKU. Hesabu ni fupi: kwa betri za saa-ampea 50, volti 24 mara 50 ni wati-saa 1,200, yaani uniti moja na ushei. Hata betri zikiwa tupu kabisa, na hata ukijumlisha umeme unaopotea kama joto, haifiki uniti mbili. Zikiwa zimetumika theluthi, haifiki uniti moja. Hakuna familia iliyofilisiwa na kiti mwendo.

Kuna pia kosa la upande wa pili, la kuchomoa mapema. Taa za kwenye joistiki zikijaa baada ya saa tatu, watu huona kazi imekwisha. Haijaisha. Saa za mwisho za kuchaji huenda polepole, na ndizo zinazosafisha mabamba. Kipimo ni taa ya chaja yenyewe kugeuka kijani, na kwa betri zilizotumika sana hiyo huchukua saa nane hadi kumi na mbili. Chaja ya kisasa hupunguza umeme yenyewe betri ikijaa, kwa hiyo kuiacha hadi asubuhi si kosa. Kosa ni kuchajia chini ya kitanda, juani, au katika stoo isiyo na dirisha. Joto ni adui mkubwa wa betri za risasi: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu, na wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa hawahitaji kuelezwa maana yake.

Betri zikishakufa kwa uzembe, zamu ya waganga hufika. Hapa ndipo pesa za watu wasio na pesa zinapopotelea.

Fundi wa mtaani huichukua ile betri kavu, akabandua kipande cha juu kwa bisibisi, akafungua vifuniko sita vya mpira na kumimina maji ya betri. Wakali zaidi humimina asidi. Kisha anafunga kwa gundi, anaichaji usiku kucha, na asubuhi anaweka kipimo mbele ya mteja: volti 12.5. Mteja anatabasamu na kulipa. Laiti angeomba jambo moja zaidi, kwamba betri ipimwe ikiwa na mzigo, mtu ameketi na kiti kinapanda njia ya mwinuko. Namba ingeporomoka chini ya 10 hapohapo. Volti bila mzigo hazitoshi kuonyesha betri imebaki na uwezo kiasi gani.

Betri hizi zinaitwa kavu kwa sababu. Asidi yake imegandishwa kama jeli, au imenyonywa na nyuzi za kioo zilizobanwa kati ya mabamba. Vile vifuniko vya mpira ni vali: hutoa gesi ikizidi na kuzuia hewa ya nje isiingie. Zikichokonolewa na kufungwa ovyo, oksijeni huingia na kulimaliza bamba hasi. Asidi ya ziada hula mabamba. Fuwele ngumu, ambazo ndizo ugonjwa wenyewe, hakuna aliyezigusa. Tiba hii ikileta nafuu, ni nafuu ya muda mfupi, na kiti kitazimika tena njiani, safari hii bila dalili.

Mganga mwingine huleta betri ya gari. Hoja yake inavutia: volti ni zilezile 12, ampea ni nyingi, bei ni nafuu. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, kuwasha injini, kisha kujazwa tena papo hapo. Mabamba yake ni membamba. Ukiikamua polepole kutwa nzima kama kiti kinavyotaka, hufa ndani ya miezi. Huo ni ubaya mdogo. Mkubwa ni kwamba zile zenye maji humwaga asidi kiti kikiinama, na zikichajiwa hutoa hidrojeni kwa wingi, gesi inayolipuka, chini ya mtu asiyeweza kuruka na kukimbia. Anayefunga betri hiyo kwenye kiti mwendo hastahili kuitwa fundi.

Viti vyepesi vya kukunja, vinavyozidi kuingia nchini kutoka China, hutumia lithiamu. Navyo havihitaji kuishiwa chaji kwanza. Vitumie chaja yake tu, betri isifunguliwe, na ikivimba itolewe nje ya nyumba. Anayesafiri kwa ndege alijulishe shirika mapema, maana lithiamu ina masharti yake.

Yaliyobaki yanasemeka haraka.

Ndani ya nyumba, kasi iwe ya chini kabisa. Kiti kizimwe kabla ya kuhamia kitandani au chooni. Mkono wa kanzu au mkoba ukinasa joistiki, kiti kinaruka. Kurudi nyuma ni baada ya kugeuka na kutazama, hasa penye watoto na mtungi wa gesi. Vidole vya miguu vikae juu ya kikanyagio, kwani ndivyo vinavyotangulia kugonga mlango. Mikeka iondolewe njiani.

Nje, mkanda ufungwe. Mteremko unapandwa na kushukwa kwa kunyooka, kamwe si kwa mshazari, na hakuna kugeuka katikati yake. Njia ya mwinuko salama ni moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji ubao au zege ya mita 1.8, wala si ule ubao mfupi unaoegeshwa dukani. Magurudumu madogo ya nyuma ya kuzuia kupinduka yasifunguliwe ili "kiti kipite vizuri". Penye udongo wa mfinyanzi uliolowa, kiti kirudi. Masika, joistiki ivikwe mfuko wa plastiki, kwa sababu ndiyo sehemu inayoharibika kwa maji upesi kuliko zote. Giza likiingia, kiwe na viakisi mwanga mbele na nyuma. Taa za chaji zikifika nusu, safari inageuzwa. Kikipakiwa kwenye pikapu, kizimwe, viwiko vya mota vihakikishwe vimerudishwa, na kamba ifungwe kwenye fremu, si kwenye mikono ya kuegemea. Na mtumiaji ajue viwiko hivyo viko wapi, ili amwelekeze yeyote anayemsaidia: kwanza shika kiti, ndipo ugeuze, ukifika tambarare, virudishe kabla hujaachia.

Lawama si za watumiaji peke yao. Viti vingi vya msaada hufika na chaja za Marekani zilizoandikwa volti 115, na soketi zetu ni za 230. Chaja ikichomekwa bila kusomwa, huungua siku ya kwanza, na kinachofuata ni chaja ya kuokotezwa sokoni isiyolingana na betri. Nyingine zina swichi ndogo nyuma ya kugeuza volti. Hakuna aliyemwambia mpokeaji. Makanisa, misikiti, vilabu vya hisani na ndugu walio ughaibuni wanaotuma viti hivi wanaombwa mambo matatu kabla ya kupiga picha ya makabidhiano: wasome maandishi ya chaja, wamlipe fundi nusu saa ya kumfundisha mpokeaji na jirani yake mmoja, na watenge fedha za jozi ya betri mpya.