Karipio la Mkubwa Huishia kwa Mgonjwa

(Maoni ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tumekwisha kuiona picha hii, ama kwa macho yetu ama katika taarifa ya habari. Kiongozi amefika hospitalini na msafara wake, na wananchi wamekusanyika. Mmoja anasimama na kulalamika kwamba dawa hakuna, mwingine anasema mke wake alitolewa lugha chafu na muuguzi. Kiongozi anageuka, anamwita mganga mfawidhi mbele ya umati na kumfokea kama mtoto mdogo. Haulizi dawa ziliagizwa lini, wala muuguzi yule alikuwa amesimama zamu kwa saa ngapi. Nasi wananchi tunapiga makofi.

Tunapiga makofi kwa sababu tuna machungu yetu. Ni wachache wasiowahi kujibiwa kwa mkato pale dirishani, au kuambiwa wasubiri bila kuelezwa wanasubiri nini. Hata hivyo hatuna budi kujiuliza: msafara ukishaondoka, karipio lile linakwenda wapi?

Kabla ya kujibu, tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Msimamizi anayemtaka mtumishi awahi kazini, anayemdai maelezo ya dawa zilizopotea, anayempa barua ya onyo kwa kufuata taratibu, huyo hanyanyasi mtu. Anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na hospitali isiyo na msimamizi wa namna hiyo ni hatari kwa kila mtu. Unyanyasaji ni kitu kingine. Ni kumtukana muuguzi mbele ya wagonjwa wake. Ni kumnyima likizo yake kwa kuwa alihoji posho, kumpangia zamu za usiku mfululizo kwa kisasi, kumhamishia mbali ili iwe fundisho kwa wengine, au kuikalia barua yake ya kwenda masomoni. Na ni kumtaka muuguzi kijana rushwa ya ngono, jambo ambalo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Alama yake ni kwamba anayelitenda ana madaraka, hulirudia, na nia yake si kurekebisha kazi bali kumvunja mtu.

Sasa basi, hali hii inatoka wapi? Ni rahisi kusema fulani ana roho mbaya. Wapo wenye roho mbaya, lakini hao hawatoshi kueleza tatizo linaloonekana mahali pengi kiasi hiki. Zipo sababu nyingine, na ya kwanza ni uhaba wa watu.

Mwaka 1993 serikali ilisimamisha ajira mpya kama sehemu ya mageuzi ya uchumi na utumishi, na ukame huo ulidumu hadi mwishoni mwa miaka ya tisini. Waliostaafu hawakupata warithi. Kisha, kuanzia mwaka 2007, ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kujenga ukuta ni kazi ya miezi, lakini kumwandaa mkunga ni kazi ya miaka.

Huku kwetu Kusini matokeo yake yalipimwa. Utafiti uliofanywa katika vituo vya afya vya pembezoni, ukachapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba palipotakiwa wauguzi 854 walikuwapo 122 tu, yaani 14 kwa kila mia. Palipotakiwa waganga 441 walikuwapo 90. Tena siku watafiti walipofika, waganga 44 katika kila mia ya hao wachache hawakuwapo kituoni: wengine walikuwa semina, wengine safari za kikazi, wengine likizo au masomoni. Karibu theluthi mbili ya vituo vilikuwa vimetembelewa na timu ya afya ya wilaya chini ya mara tatu katika miezi sita. Tarakimu hizo ni za wakati huo, na tangu hapo vituo vimejengwa na watumishi wameajiriwa. Lakini zinatufundisha jinsi tatizo linavyozaliwa.

Chukua mama anayetoka Chunyu kufuata huduma ya uzazi, akamkuta muuguzi mmoja anayefanya kazi ya watu sita. Muuguzi huyo hawezi kumaliza kazi hata akijitahidi namna gani, kwa hiyo kila siku kuna jambo analoweza kulaumiwa kwalo. Daftari halijajazwa, wodi haijafagiliwa, foleni haijaisha. Msimamizi naye anayekuja kwa nadra, akiwa na gari lenye mafuta ya kwenda na kurudi tu, hana nafasi ya kukaa na kufundisha. Anakagua, anafoka, anaondoka. Palipo na upungufu wa kila kitu, kufoka hakuhitaji bajeti.

Sababu ya pili ni namna tunavyowapata viongozi wa hospitali. Daktari hodari wa upasuaji hukabidhiwa hospitali nzima, na mkunga mwenye mikono mizuri hupewa wodi ya wakunga ishirini. Ni nadra mtu kuulizwa kama amejifunza kupanga zamu, kusuluhisha ugomvi au kumweleza mtu kosa lake bila kumdhalilisha. Aidha, wengi wao walifundishwa kazi kwa kukaripiwa. Katika raundi za wodini, mwanafunzi aliyekosea jibu aliaibishwa mbele ya wenzake na mbele ya mgonjwa, na wengine wakacheka. Miaka kumi baadaye ndiye mkubwa, naye anaamini kwamba hiyo ndiyo njia ya kumkomaza daktari. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sababu ya tatu ni shinikizo litokalo juu. Mganga mfawidhi anayemfokea muuguzi mara nyingi naye amefokewa asubuhi hiyo. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliwapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe kizuizini kwa muda usiozidi saa 48, kwa nia ya kulinda amani. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya daktari aliyechelewa kazini, lakini wapo watumishi wa umma, wa afya wakiwamo, waliojikuta mahabusu kwa mambo ya kazini. Wa elimu nao waliyaona yao: Februari 2009, wilayani Bukoba, walimu 19 wa shule za msingi walichapwa viboko kwa amri ya mkuu wa wilaya kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Rais Jakaya Kikwete alimwondoa mkuu huyo kazini, na alifanya vema. Lakini tukumbuke kwamba wapo wananchi waliosema walimu wale walistahili.

Novemba 2015 Rais John Magufuli aliingia Muhimbili bila taarifa, akakuta mashine za CT na MRI hazifanyi kazi na wagonjwa wamelala chini. Alimwondoa kaimu mkurugenzi na kuvunja bodi. Hasira ya wananchi ilikuwa na haki yake, kwani mashine zilikuwapo na wagonjwa walikuwa wanaelekezwa kwenda kulipia vipimo nje. Tatizo lilikuja pale viongozi wa ngazi za chini walipoiga sauti bila kuiga swali. Rais alikuwa ameuliza kwa nini mashine hazifanyi kazi. Waigaji wengi waliuliza tu nani wa kufukuzwa.

Sababu ya nne ni kukosekana kwa mlango wa kulalamikia. Kwa utaratibu wa serikali, barua ya mtumishi kwenda ngazi ya juu hupitia kwa mkuu wake wa kazi. Ikiwa anayelalamikiwa ndiye huyo mkuu, barua itafika? Ndiyo maana watumishi wengi wa afya ninaozungumza nao huanza kwa kuomba jina lisitajwe, hata kabla hawajasema neno.

Ndugu msikilizaji, turudi kwenye swali letu. Karipio linakwenda wapi? Maji hufuata mkondo, na mkondo wa karipio unateremka hadi kitandani kwa mgonjwa.

Linafika kwanza kwa njia ya ukimya. Muuguzi anayemwogopa daktari ataona kipimo cha dawa kimezidi na asiseme, maana juzi aliposema aliambiwa anajifanya anajua. Huko Israel, watafiti waliweka timu 24 za madaktari na wauguzi wa watoto wachanga katika zoezi la kumhudumia mtoto njiti wa kuigiza ambaye hali yake inazidi kuwa mbaya. Nusu ya timu zilisikia maneno ya dharau kutoka kwa mtu aliyetambulishwa kuwa mtaalamu wa kigeni. Nusu nyingine hazikudharauliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: waliodharauliwa walikosea zaidi katika kutambua ugonjwa na katika kutoa tiba, na waliacha kupeana taarifa na kuombana msaada. Yalikuwa maneno machache ya mgeni. Seuze ya bosi anayeyasema kila siku!

Uingereza ililipa gharama kubwa zaidi. Katika hospitali ya Stafford, kati ya mwaka 2005 na 2009, wakubwa walibana matumizi, wakapunguza wauguzi, kisha wakadai malengo ya muda wa kusubiri yafikiwe kwa vyovyote. Wauguzi walitishwa, na wengine wakalazimika kuandika saa za uongo. Wagonjwa waliachwa bila maji ya kunywa wala kusafishwa. Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Robert Francis, iliyotolewa Februari 2013 ikiwa na mapendekezo 290, ilieleza utamaduni wa hofu uliofanya wengi waone na wanyamaze. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hospitali nayo ni vivyo hivyo.

Pili, karipio hufika kwa njia ya mkono na mdomo. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwauliza kina mama waliojifungua kama walitukanwa, walipigwa au walitelekezwa. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, 19 katika kila mia walisema ndiyo. Walipoulizwa tena nyumbani wiki chache baadaye, idadi ikapanda hadi 28. Tazameni tofauti hiyo. Mama naye, kama yule muuguzi, hunyamaza akiwa karibu na mwenye nguvu juu yake. Sisemi kwamba kila muuguzi anayetukana ametukanwa, wala kwamba kutukanwa ni udhuru. Lakini anayedharauliwa asubuhi hadi jioni atawezaje kutoa heshima ambayo yeye mwenyewe haipati?

Tatu, watu huondoka. Wakipata uhamisho wa kwenda mjini hawarudi, na wilaya kama zetu za Ruangwa na Nachingwea hubaki kuomba wapya. Au hugoma. Mgomo wa madaktari wa Januari 2012 ulianzia kwa madaktari wa mafunzo ya vitendo pale Muhimbili waliodai posho zilizocheleweshwa. Walipodai, wakahamishiwa hospitali nyingine. Wenzao waliuona uhamisho huo kuwa ni adhabu, na moto ukawaka nchi nzima. Februari mwaka huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda kukutana nao na kutangaza kusimamishwa kwa Katibu Mkuu wa Wizara na Mganga Mkuu wa Serikali. Kufikia hapo, wagonjwa walikuwa wamekwisha kurudishwa nyumbani bila kutibiwa.

Tufanye nini? Kwa kiongozi anayetembelea kituo, maswali yanayofaa ni mepesi. Hapa wanatakiwa watumishi wangapi na wako wangapi? Dawa ziliagizwa Bohari ya Dawa lini, na zimefika kiasi gani? Ni nani aliyekuja mara ya mwisho kuwafundisha, si kuwakagua? Akishapata majibu, kama bado yupo mzembe, aitwe ofisini na aandikiwe.

Kwa mtumishi, andika tarehe, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo. Mwone mwakilishi wa chama chako, TUGHE au kingine, kabla mambo hayajaharibika, na ujue kwamba Tume ya Utumishi wa Umma ipo kusikiliza rufaa za nidhamu. Kwa wenye kutunga sheria, upo Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani dhidi ya ukatili na udhalilishaji kazini, uliopitishwa Geneva Juni 2019. Utumike kama kipimo cha sheria zetu. Hasa uwepo mlango wa malalamiko usiopitia mezani kwa mlalamikiwa.

Na kwetu sisi wananchi, kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wetu. Tunaijua? Tumewahi kuhudhuria mkutano wake? Muuguzi anayemtukana mgonjwa achukuliwe hatua, na bosi anayemtukana muuguzi naye achukuliwe hatua kwa kipimo kile kile. Kumlinda wa pili si kumdekeza mtumishi. Usiku wa manane mama anapoanza kutokwa damu, uhai wake unategemea kama muuguzi aliyepo atathubutu kumwamsha daktari, au ataogopa kufokewa na kusubiri kukuche.